Jina la Bangoni Liwe na Mwenyewe

Kampuni inayofanya biashara Turkana kwa jina lisilo lile la cheti chake cha usajili ina kazi moja ndogo ya kufanya: iliandikishe jina hilo, iliandikishe kama la kampuni na si la mkurugenzi, kisha cheti kitundikwe pale mteja anapokiona. Sheria imedai hivyo tangu 1951. Ada ya serikali ni takriban shilingi elfu moja, pesa ambayo kampuni yenye lori haiwezi kudai imeikosa. Hata hivyo ukipita barabara kuu ya Lodwar, ukaingia sokoni Kakuma, ukafika hadi vituo vidogo kama Nakalale kule Turkana Kaskazini, utasoma mabango mengi yenye majina matamu na hutajua nyuma ya bango yuko nani.

Wapo watakaosema hili ni jambo la mawakili na makarani. Sivyo. Anayeumia kwa jina lisilo na mwenyewe ni yule aliyetoa mali yake kwa mkopo.

Tuseme mama wa Nakalale amewauzia watu wa gari mbuzi kumi na wawili. Sita amelipwa hapo hapo kwa M-Pesa, sita wengine ameahidiwa kulipwa wiki ijayo. Ameachiwa kikaratasi. Juu kimeandikwa jina la biashara kwa herufi kubwa, chini yake nambari ya simu na ahadi ya huduma bora. Hakuna neno Limited, hakuna pini ya KRA, hakuna sanduku la posta. Ujumbe wa M-Pesa alioupokea una jina la kijana fulani, labda dereva, labda shemeji wa mwenye kampuni. Ubavuni mwa gari kulikuwa na jina jingine tena. Na huko mjini, kwenye orodha ya waliopewa tenda ya kupeleka nyama, kuna jina la nne ambalo mama huyu hajapata kulisikia. Majina manne, deni moja.

Wiki ikipita bila malipo, amdai nani? Akienda kwa chifu ataulizwa jina. Akienda Mahakama ya Madai Madogo, ambayo kwa sheria ya Kenya husikiliza madai ya hadi shilingi milioni 1 na haimlazimu mtu kuwa na wakili, fomu ya kwanza kabisa itamuuliza mdaiwa ni nani na anapatikana wapi. Kanuni za mahakama zetu zinaruhusu mtu ashtakiwe kwa jina analofanyia biashara. Hilo ni jema, ila halitoshi. Wito wa mahakama lazima umfikie mtu, na hukumu lazima ipate mali ya kukamata. Jina lililobuniwa na mchoraji wa mabango halina mlango wa kubishwa wala lori la kuzuiwa. Simu ikizimwa, kesi imekwisha kabla haijaanza.

Dawa ya ugonjwa huu iko kwenye vitabu vyetu vya sheria. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 499, inawagusa watu wa aina tatu: mtu mmoja anayefanya biashara kwa jina lisilo lake, washirika wanaotumia jina lisilo lao, na kampuni inayotumia jina lolote lisilo lile iliyosajiliwa nalo. Aina hii ya tatu ndiyo inayosahaulika. Watu wengi wanaamini kwamba ukishakuwa na kampuni umemaliza, waweza kubandika jina lolote ukutani. Hapana. Kampuni ikifungua lojingi na kuipa jina jingine, jina hilo linatakiwa kuingia kwenye daftari la msajili, na kando yake liandikwe jina kamili la kampuni pamoja na ofisi yake iliyosajiliwa. Kutofanya hivyo ni kosa, wala si uzembe mdogo wa kuchekewa.

Sheria yenyewe ni urithi wa Waingereza. Wao waliitunga ya kwao mwaka 1916, katikati ya vita, kwa hofu kwamba Wajerumani walikuwa wakiuza bidhaa London nyuma ya majina yanayosikika ya Kiingereza. Vita vilikwisha, sheria ikabaki, ikasafirishwa hadi makoloni. Mapema miaka ya 1980 Uingereza yenyewe ililifunga daftari hilo. Lakini haikuwaachia wafanyabiashara wajifiche: kampuni inayotumia jina la kando inalazimika kuandika jina lake halisi na anwani kwenye barua, kwenye ankara, na mahali pa biashara. Yaani Mwingereza aliacha kuuliza ofisini akaanza kuuliza dukani. Sisi tumebaki na daftari, na dukani hatuulizi. Tanzania nao wanalo daftari la namna hii chini ya wakala wao wa usajili, BRELA, na Uganda chini ya ofisi yao ya usajili, URSB. Kote huko kazi ni ile ile, mtu akitaja jina la biashara apatikane wa kujibu.

Kwa nini tunalisema hili sasa, na kwa nini Turkana? Kwa sababu biashara huku imekua kuliko makaratasi yake. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilianza 1992 na ilihesabiwa kuwa mahali pa kugawia chakula. Mwaka 2018 IFC, tawi la Benki ya Dunia la sekta binafsi, lilitoa ripoti iliyoitazama Kakuma kama soko, likakuta maduka zaidi ya 2,000 na mzunguko wa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka ukijumlisha kambi na mji. Tangu hapo makazi ya Kalobeyei yamekua, Sheria ya Wakimbizi ya 2021 imefungua mlango wa wakimbizi kushiriki uchumi wa mahali wanapoishi, na Mpango wa Shirika umezinduliwa mwaka 2025 ili kambi ziwe miji. Kampuni za umeme wa jua, za maji, za simu, za mikopo na za usafirishaji zinamiminika. Nyingi zinakuja na jina la kuuzia ambalo si jina la cheti. Mteja wa Kalobeyei anayenunua taa ya sola kwa malipo ya kidogo kidogo anajua rangi ya kampuni na wimbo wake wa redioni. Jina la kampuni aliyoingia nayo mkataba halijui.

Si Turkana peke yake, na si kampuni ndogo peke yake. Wakenya waliokuwa wakinunua unga katika maduka makuu ya Tuskys walikuwa wakinunua kutoka Tusker Mattresses Limited, jina lililotokana na duka la magodoro. Tuskys ilipoanza kuporomoka mwaka 2020 ikiwa na deni la mabilioni ya shilingi kwa wasambazaji, waliosoma makaratasi yao walijua wa kufuata mahakamani ni Tusker Mattresses. Kuku wa KFC anayeliwa Nairobi anakaangwa na Kuku Foods Kenya Limited. Na faini ya shilingi bilioni 1.1 ambayo Mamlaka ya Ushindani ilitangaza Desemba 2023 dhidi ya Carrefour iliiangukia Majid Al Futtaim Hypermarkets Limited. Hakuna siri wala udanganyifu katika hayo yote. Majina haya mawili mawili yanajulikana, yameandikwa, na yeyote mwenye madai anaweza kuyaunganisha kwa dakika chache. Ndiyo maana msambazaji aliweza kushtaki na mdhibiti akaweza kutoza.

Turkana tuna mfano wetu mkubwa, ingawa si wa jina la biashara hasa. Tangu Machi 2012, mafuta yalipotangazwa kupatikana katika kisima cha Ngamia 1 karibu na Lokichar, kila kitu kilichohusu mafuta kiliitwa Tullow. Kazi ni ya Tullow, barabara ni ya Tullow, shida ni ya Tullow. Kwenye makaratasi kulikuwa na Tullow Kenya B.V., kampuni iliyoandikishwa Uholanzi, pamoja na washirika ambao waliingia na kutoka bila mchungaji wa Lokichar kusikia hata majina yao. Mwaka 2025 Tullow ilikubali kuuza biashara yake ya Kenya kwa angalau dola milioni 120, na mnunuzi aliyetajwa alikuwa Auron Energy E&P Limited, kampuni iliyo chini ya mwavuli wa Gulf Energy. Mtaani watu walishika neno Gulf, basi. Mwenye lori aliyekuwa na ankara isiyolipwa, au mwanakijiji mwenye ahadi ya kisima, alihitaji kujua jambo moja: ahadi aliyopewa iliandikwa kwa jina gani, na jina hilo sasa liko kwa nani? Ukiwa na jina la mtaani tu huwezi kujibu.

Tukirudi kwenye jina la biashara, kuna kosa moja ambalo wafanyabiashara wa Lodwar na Kakuma wanalifanya kila siku, nalo ndilo lililotusukuma kuandika. Kampuni ina wakurugenzi watatu. Wanataka jina la kuvutia la duka la vifaa vya ujenzi. Mmoja wao, yule anayejua simu, anaingia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, kwa akaunti yake mwenyewe, anatafuta jina, linakubaliwa, analipa, cheti kinatoka chenye nambari inayoanza na BN. Wanakichapisha saiba, wanakiwekea fremu. Wote watatu wanaamini jina ni la kampuni.

Si la kampuni. Ni la huyo mmoja. Cheti kimemtaja yeye kama mwenye biashara, kama kinavyomtaja muuza nguo mwenye kibanda. Kampuni haipo popote kwenye karatasi hiyo. Kwa miezi, hata miaka, hakuna anayegundua, kwa kuwa pesa zinaingia na duka linauza. Mambo huibuka siku ya shida.

Wakikosana, mwenye akaunti ya eCitizen anaondoka na jina, na wateja wanamfuata, kwa kuwa wateja hufuata bango. Akifariki, jina linaingia kwenye mirathi yake, na wenzake wanalazimika kusubiri mjane na watoto wapate barua za usimamizi kabla ya kugusa akaunti ya benki waliyoifungua kwa jina hilo. Duka likishtakiwa kwa saruji isiyolipiwa, anayeshtakiwa ni yeye binafsi, na nyumba yake na mbuzi wake wako hatarini, wakati sababu ya kuunda kampuni ilikuwa ni kuvikinga vitu hivyo. Tangu kesi ya Salomon iliyoamuliwa London mwaka 1896, kampuni huhesabiwa kuwa mtu wa pekee, mbali na wenye hisa zake. Kinga hiyo wamelipia zaidi ya shilingi elfu kumi kuipata, kisha wameivua wenyewe kwa cheti cha shilingi elfu moja.

Kodi nayo ina la kusema. Jina la biashara la kampuni halina pini yake, linatumia pini ya kampuni. Jina lililoandikishwa kwa mtu binafsi linatumia pini ya mtu huyo. Kwa hiyo mauzo yote ya duka yanasomeka kama kipato cha mkurugenzi mmoja, kampuni inaonekana imelala, na siku wanapoomba cheti cha kutimiza kodi ili waombe tenda ya kaunti, maswali yanaanza. Kamati ya tenda inalinganisha cheti cha kampuni, orodha ya wakurugenzi maarufu kama CR12, cheti cha kodi, leseni ya biashara na barua ya benki. Jina likipishana kwenye karatasi moja, zabuni inawekwa kando kabla bei haijalinganishwa. Vijana na akina mama wanaoomba kwa mpango wa AGPO, ambao umewatengea asilimia 30 ya ununuzi wa serikali wao pamoja na watu wenye ulemavu, wanaanguka hapo, kisha wanarudi nyumbani wakisema tenda zina wenyewe. Pengine kweli zina wenyewe. Lakini tusimpe mnyimaji sababu iliyo halali.

Njia sahihi si ngumu. Fomu inapouliza mwenye biashara ni nani, jibu liwe kampuni: jina lake kama lilivyo kwenye cheti, nambari yake ya usajili, ofisi yake iliyosajiliwa. Uamuzi huo uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao cha wakurugenzi, hata kama kikao kilifanyika chini ya mti, na wote watie sahihi. Baada ya hapo kila karatasi inayotoka iandikwe majina yote mawili: jina la kampuni, kisha zile herufi t/a (trading as) ambazo kila wakili na kila karani wa benki anazijua, kisha jina la dukani. Risiti, ankara, mkataba wa ajira, mlango wa gari. Mpokeaji asiachwe akikisia.

Tunasema haya tukijua kwamba jina la pili ni jambo zuri kwa kampuni. Hatulipigi vita. Kampuni moja ya Lodwar inaweza kuwa na duka la vifaa vya ujenzi, lojingi Kakuma na malori ya maji yanayokwenda kaskazini. Kuunda kampuni tatu kwa ajili ya kazi tatu ni kujitwisha ripoti tatu za mwaka kwa msajili, vitabu vitatu vya hesabu na pini tatu za KRA. Majina matatu ya biashara chini ya kampuni moja ni nafuu zaidi, na benki itaona mzunguko wote wa pesa mahali pamoja kampuni inapoomba mkopo. Kuna gharama yake, na wakurugenzi waijue mapema: lojingi likifilisika, anayedaiwa ni kampuni yote, malori yakiwemo. Jina la biashara si ukuta. Ni kama nguo ya pili kwa mtu yule yule. Anayetaka kutenganisha hatari kweli aunde kampuni nyingine na alipie gharama zake.

Na asidhani kwamba usajili umemkinga dhidi ya wezi wa majina. Msajili hukataa jina lililofanana sana na lililotangulia, au linalomfanya mtu aamini kuwa ni idara ya serikali. Hapo kazi yake inaishia. Mwenye kutaka kulizuia jina lake lisitumiwe na mwingine kwenye bidhaa, kwa mfano chama cha akina mama wanaosuka vikapu vya mikoma na kuviuza nje ya kaunti, aende Taasisi ya Mali ya Viwanda, KIPI, aandikishe alama ya biashara. Hiyo ndiyo inayodumu miaka 10 na kufanywa upya, na ndiyo inayompa nguvu ya kumzuia mwigaji mahakamani.

Tunawasikia wanaolalamika. Mtandao unapatikana ukijisikia. Mtu wa Nakalale anayetaka huduma ya serikali anakwenda Lodwar, au Kakuma ikiwa safari yake imeelekea huko, kwa barabara ambayo mvua moja inaweza kuikata pale lagga, mto wa msimu, inapojaa. Akifika saiba, kijana wa kompyuta anamtoza ada yake juu ya ada ya serikali, na kwa kuwa yeye ndiye anayejaza fomu, ndiye anayeamua kosa litakuwa wapi. Mara nyingi ile hadithi ya jina kuandikwa kwa mtu badala ya kampuni inaanzia kwenye meza hiyo. Haya ni ya kweli, na ni sababu ya serikali kusogea karibu. Hayampi mwenye kampuni ruhusa ya kubaki bila usajili. Mfugaji mwenye mbuzi watano hatakiwi na Sura ya 499 kuandikisha chochote. Anauza kwa jina lake na kila mtu anamjua. Tunayemsema ni yule aliyekwisha kuunda kampuni, akapata CR12, akapata tenda. Njia ya eCitizen anaijua.

Mkimbizi ana mzigo zaidi. Mfanyabiashara Mkongomani, Msomali au Msudan Kusini wa Kakuma anaweza kupata kibali cha kazi cha daraja la M, ambacho kimewekwa kwa ajili ya wakimbizi, lakini kila hatua ya mtandaoni inamwomba nambari ya kitambulisho, na mifumo mingi ilijengwa ikimfikiria mwenye kitambulisho cha taifa. Matokeo yake ni yale yanayojulikana sokoni: anatafutwa Mkenya, biashara inaandikishwa kwa jina lake, na mkimbizi anabaki kuwa mwenye mali asiye na karatasi. Urafiki ukiwa mzuri, mambo huenda. Ukiharibika, Mkenya huyo ana cheti na mkimbizi ana hasira. Kama Mpango wa Shirika unamaanisha unachosema kuhusu kujitegemea, basi mkimbizi mwenye hati halali aweze kuandikisha kampuni na jina la biashara akiwa Kakuma, kwa hati yake mwenyewe.

Sasa kwa wenye mamlaka. Huduma ya Usajili wa Biashara, BRS, iliundwa kwa sheria ya 2015 ili kuondoa foleni za Sheria House, na imefanikiwa sana katika hilo. Imebaki hatua moja. Mtu yeyote mwenye simu aweze kuandika jina la bangoni na kujibiwa bure jina la kampuni au mtu anayelimiliki na mji ilipo ofisi yake, hayo tu, bila nambari za vitambulisho wala za simu. Leo utafutaji rasmi hulipiwa, na anayeuhitaji zaidi ndiye asiye na pesa za kuulipia. Uingereza imefungua taarifa za makampuni bure mtandaoni tangu 2015 na nchi haijaanguka. Sisi wenyewe tangu 2020 tumezilazimisha kampuni zitaje wamiliki wao halisi, watu wa nyama na damu wanaofaidi, ili pesa chafu zisijifiche. Mnyororo huo unaanzia kwenye jina la kampuni. Kama mwananchi ana jina la bangoni tu na hana njia ya kulifikia jina la kampuni, mnyororo wote umekatika kwenye pingili ya kwanza.

Mashirika ya misaada na kaunti yenyewe nayo yana sehemu yao. Wao ndio wanunuzi wakubwa wa maji, chakula, mbuzi wa kupunguza mifugo wakati wa kiangazi na usafiri. Wakimpa mkandarasi kazi, wamtake aonyeshe jina atakalotumia vijijini na cheti chake, kisha jina hilo na la kampuni yabandikwe pamoja kwa chifu na kwenye ofisi ya wadi pale mali itakaponunuliwa. Anayenunua mbuzi kwa niaba ya tenda ya umma hana haki ya kuwa mgeni asiyejulikana. Na mkandarasi anayebadilisha jina kila msimu, tuseme yule wa mwaka jana aliyeacha madeni Lokitaung akarudi mwaka huu na bango jipya, atagunduliwa mara tu majina yake yote yatakapowekwa chini ya nambari moja ya kampuni.

Njia nyepesi kuliko zote ni ofisi ya leseni ya kaunti. Kila mwaka inampitia kila mwenye duka, na maafisa wake hufika hata vituo ambavyo Huduma Centre haitafika karibuni. Wakija wanatazama kama umelipa. Watazame pia ukuta. Kwenye fomu ya leseni kiongezwe kisanduku kimoja cha jina lililo kwenye bango, na kingine cha jina lililo kwenye cheti, na yakitofautiana karani aombe nambari ya BN. Asiyekuwa nayo apewe siku 60 aifuate, leseni yake ikiendelea, kwa sababu kufunga duka la pekee kituoni ni kuwaadhibu wanunuzi. Siku hizo zikipita, atozwe. Wizara ya biashara ya kaunti inaweza kuliagiza hili kwa waraka wa ukurasa mmoja kabla leseni za mwaka ujao hazijaanza kutolewa, na nakala ya kwanza ipelekwe Nakalale.